Taa ya Ndaki na Nyota Isiyoonekana

Mariana Mageni wa Didia hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa mara ya kwanza. Akinunua kilo ya mchele gulioni, aliipeleka kwenye mizani ya muuzaji wa pili kabla ya kuondoka. Akiambiwa fulani ameoa, aliuliza ni nani aliyekula ubwabwa wa harusi hiyo. Wapo waliomcheka na wapo waliomwita mwanamke mgumu, lakini ugumu huo hakuzaliwa nao. Aliutoa machimboni.

Alikwenda huko upande wa Geita angali kijana, pamoja na mumewe, na binti yao Nelly akiwa mgongoni. Mume aliingia duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, kuchimba, naye akafungua kibanda cha chakula. Alimwona broka, dalali wa dhahabu, aliyenunua shaba kwa bei ya dhahabu akikaa chini na kulia kama mtoto. Alimsikia mchimbaji akiapa kwa uhai wa mama yake kwamba jiwe lile lina mali, na watu wote pale walijua mama huyo alikwisha kuzikwa. Pale machimboni king'aacho ndicho kilichoshukiwa kwanza. Watu walidondosha tone la tindikali, wakasubiri, wakatazama. Hata siku kifusi kilipomfunika mumewe, waliokuja kumpa habari walikuwa watatu na kila mmoja alikuwa na habari yake. Mariana hakulia hadi alipofika mwenyewe ukingoni mwa duara na kuviona viatu.

Alirudi Didia kwa mama yake, bibi Mbuke, akajenga kibanda kando ya barabara na kuanza kuchaji simu za watu kwa umeme wa jua. Nelly alikua, akaolewa Kahama. Mama Nelly akabaki na mama yake, na kibanda chake, na mashaka yake.

Kilichomtoa kwenye maisha hayo ya kawaida kilikuwa betri mbovu. Alikuwa ameinunua kwa Eliya, fundi wa redio na sola mjini Shinyanga, na ilipokufa alimfuata hadi nyumbani kwake Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege, kumwambia maneno aliyoyapanga njia nzima. Alimkuta fundi uani, ameinamia bomba nene lililosimamishwa kwa miguu mitatu. Ilikuwa darubini aliyoiunga kwa mikono yake kutokana na vioo alivyoviagiza. Eliya alibadilisha betri bila ubishi, kisha akamkaribisha atazame. Mariana akaona sayari ndogo ya rangi ya samli, imevikwa pete. Akanyanyua kichwa, akazunguka hadi mbele ya bomba, akapapasa kioo kwa kidole kuona kama kuna picha iliyobandikwa.

Eliya alimwambia baadaye kwamba watu wote aliowaonyesha walisema ajabu, na hakuna hata mmoja aliyekagua.

Ndivyo alivyoingia katika kikundi chao cha watu watatu. Wa tatu alikuwa Pantaleo, karani wa kinu cha kusagia mawe upande wa Geita, mtu wa makamo mwenye maneno matamu na shati jeupe daima. Hawakulipwa na mtu. Kazi yao ilikuwa kuvizia nyota za nyutroni. Eliya alimfafanulia Mariana hivi: nyota kubwa ikimaliza kuni zake hujiangukia, na kinachobaki ni gimba dogo ambalo mtu wa baiskeli angelivuka kabla jua halijawa kali, lakini uzito wake unalizidi jua lenyewe. Nyingine ni hafifu mno, darubini za watu kama wao haziwezi kuziona kabisa. Ila mara moja moja, baada ya miaka ambayo hakuna ajuaye hesabu yake, nyota ya namna hiyo huweza kuwaka kama kiberiti kilichopigwa gizani, kisha ikazima. Wao walikuwa wakiuvizia mwako huo. Walielekeza darubini mahali patupu penye jina kwenye ramani ya anga, wakaifungia kamera, na kamera ikapiga picha mfululizo.

Mariana aliipenda kazi hiyo kwa sababu ilikuwa kazi ya kushuku. Cheche yoyote iliyotokea pichani ilihesabiwa kuwa ya uongo hadi ishindwe kukanushwa. Huenda ni ndege inayokwenda Mwanza. Huenda ni chombo kilichorushwa angani kimerudisha mwanga wa jua. Huenda kamera yenyewe imeota. Ndiyo maana walikuwa watatu, kila mmoja na bomba lake: mmoja Didia, mmoja Ibadakuli, mmoja mbali huko machimboni. Ndege au chombo kikipita, kila mmoja atakiona mahali tofauti kati ya nyota. Lakini kitu kilicho mbali kama nyota zenyewe kitaonekana na wote mahali pale pale. Sheria yao ilikuwa moja tu, na Mariana ndiye aliyeishikilia kuliko wenzake: alichoona mtu mmoja hakijaonekana.

Tabu ilikuwa majirani.

Mtu anayetazama nyota hatumii taa nyeupe, kwa kuwa macho yake yatasahau giza. Mariana aliifunga tochi yake kwa kitambaa chekundu. Mwanga huo mwekundu uliokwenda huku na huku uani kwake ulionekana hadi ng'ambo ya korongo, na kila aliyeuona aliupa maana yake. Waliowahi kufika Geita walisema bomba lile linapima dhahabu iliyo chini, na kwamba siku moja watakuja watu na magari na karatasi, na mashamba yatakwenda. Wengine hawakusema dhahabu. Walitazama macho ya Mariana, ambayo kwa kukesha yalikuwa yameanza kuwa mekundu, kisha wakatazama ya mama yake, yaliyokuwa mekundu tangu zamani, wakanyamaza.

Ukimya huo ndio uliomtisha. Usukuma una aibu yake, na aibu haiponi kwa kufunikwa. Wamekufa wanawake wazee katika vijiji hivi, wakiitwa wachawi, kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa samadi waliyoiwasha kuwapikia watoto wao uji. Watoto hao hao, walipokuwa wakubwa, wakauliza macho yamekuwaje mekundu. Mariana aliijua aibu hiyo kwa majina ya watu. Ndiyo maana kila asubuhi alimsafisha mama yake macho kwa maji ya uvuguvugu, na ndiyo maana yeye mwenyewe alijitahidi kuwa mwema kwa jirani, asidaiwe neno.

Jirani wa karibu alikuwa Mzee Ndaki, mkulima wa pamba mwenye maksai wawili wa kulimia aliowapenda kuliko baadhi ya wajukuu zake. Umeme ulipofika, Ndaki aliweka balbu kubwa juu ya mlango wa zizi. Ilimulika zizi, ikamulika njia, ikamulika na ua wa Mariana hadi kwenye kamera, na picha zake zikawa nyeupe kama maziwa. Mariana alivumilia, kisha akakosa uvumilivu. Alikwenda kwa Ndaki na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akaketi, akamwomba kwa adabu awe anaizima balbu hiyo siku zisizo na mwezi, hadi mvua zitakapoanza.

Ndaki alicheka. Akasema ameomba umeme miaka yote hiyo, na sasa amepata, mtu anamwomba giza. Lakini alikuwa mtu mwungwana, na Mariana alikuwa amemchajia simu wakati hapakuwa na umeme. Akaizima.

Haukupita muda mrefu maksai wakaibwa.

Ilikuwa alfajiri mwano ulipopigwa, lile yowe la kuitana ambalo Msukuma akilisikia huweka chini jembe na kuchukua fimbo. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walifuata nyayo hadi barabarani, na barabarani nyayo zikakutana na za ng'ombe wa minada yote ya wilaya. Waliporudi, vumbi hadi magotini, mmoja wao alikumbusha kwamba usiku ule taa ya zizi ilikuwa imezimwa. Mwingine akakumbusha kwamba usiku ule tochi nyekundu ilikuwa ikiwaka uani kwa Mama Nelly, ikizima, ikiwaka. Hapakuhitajika wa tatu.

Siku hiyo hakuna aliyeleta simu kibandani. Bibi Mbuke alikwenda bombani na ndoo yake, akamsalimia mke wa jirani, "Mwangaluka," na yule mwanamke akainamia ndoo yake kana kwamba hakusikia. Bibi alirudi na maji nusu. Akaketi.

"Mwanangu, mimi nimeishi hapa tangu kuolewa. Leo nimesalimia ndoo."

Basi Mariana akajua jambo limefika wapi. Mjumbe wa kamati ya sungusungu alikuja jioni kumwarifu: nzengo, yaani mkutano wa kitongoji chote, utakaa Jumamosi, naye aje na maelezo yake. Maelezo yasiporidhisha, nyumba yake itatengwa. Kila mtu pale alijua maana ya kutengwa. Hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukuuzia wala wa kununua kwako, hakuna wa kukupa kaa la moto. Na mkifiwa, mnachimba kaburi wenyewe. Mariana alimtazama mama yake aliyekuwa akichambua mchicha kwa kuusogeza karibu na uso, akawaza ni nani atakayeshika koleo siku hiyo.

Ni katika hofu hiyo, alipokaa kuzipitia picha za usiku ule wa wizi ili angalau afanye kitu, ndipo alipouona mwako.

Ulikuwa kwenye picha moja tu. Kabla yake, patupu. Baada yake, patupu. Katikati, mahali pale pale palipo na jina kwenye ramani, nukta kali nyeupe. Mariana hakufurahi. Aliisogeza kompyuta mbali, akaenda kunywa maji, akarudi. Alikagua kama ni ndege, akakagua kama ni ile nukta ya kamera yake. Kamera ile ilikuwa ya mtumba na jicho lake lilikuwa na doa: kila picha ilibeba kinukta cheupe pembeni kushoto, kisichohama hata darubini ikielekezwa wapi. Doa lilikuwa mahali pake. Mwako ulikuwa kitu kingine.

Akaituma picha kwa wenzake, akauliza neno moja: mmeona?

Eliya alijibu kwa huzuni kwamba usiku ule aliitwa hospitali kwa mgonjwa wake, darubini haikufunguliwa. Pantaleo hakujibu hadi kesho yake. Kisha ikaja picha kutoka kwake, na maneno mengi. Ameuona. Uko kwake pia, mahali pale pale. Dada Mariana amshukuru Mungu, maana hii si nyota tu, ni wokovu. Yeye mwenyewe atapanda gari aje Jumamosi kuwaambia wazee wa Didia kwamba usiku wa wizi dada alikuwa kwenye kazi yake, na mbingu ni shahidi.

Kwa mara ya kwanza tangu mwano upigwe, Mariana alipumua. Shahidi wa pili alikuwa amepatikana, wa nyota na wa mashtaka kwa pamoja. Alimwambia mama yake. Akapika wali.

Lakini mtu hawezi kuacha tabia yake mlangoni kama viatu. Wali ulipokuwa jikoni aliifungua tena picha ya Pantaleo, akaitazama kama alivyomwona broka akitazama jiwe. Ilikuwa imegeuzwa kidogo, imekatwa kingo, imefifishwa. Nyota zilikuwa sawa. Mwako ulikuwa sawa. Na pembeni, upande ambao ungekuwa kushoto kama picha ingerudishwa wima, kilikuwepo kinukta cheupe.

Lilikuwa doa la kamera yake yeye.

Aliketi akalitazama hadi wali ukaungua.

Jumamosi asubuhi Pantaleo aliteremka kwenye basi, shati jeupe, bahasha ya picha mkononi. Alimwamkia bibi Mbuke kwa heshima zote, shikamoo yake ikasikika hadi kwa jirani. Bibi alifurahi kusalimiwa. Mariana alimvuta kibandani na kumwonyesha kinukta.

Pantaleo hakubisha sana. Alisema kwake kulikuwa na mawingu ya ziwani, na hata yasingekuwepo asingeona, maana alikuwa amelala. Alisema aliposikia habari ya kutengwa alimfikiria bibi. Alisema hakuna aliyeumia kwa picha, na kwamba mwako ni wa kweli, dada mwenyewe ameuona, sasa kosa ni lipi.

"Kwanza, sijui kama ni wa kweli," Mariana alimwambia. "Nilikuwa nakusubiri wewe uniambie."

"Dada, wazee hawa hawajui nyota. Wanataka mtu wa pili aseme ndiyo. Mimi ni mtu wa pili. Niache niseme ndiyo."

"Na siku ukisema ndiyo kwa mtu mwingine, kwamba ulimwona mama yangu akiruka na fisi?"

Pantaleo alitabasamu vibaya, akasema dada anafika mbali. Lakini Mariana hakuwa anafika mbali. Alikuwa anafika bombani, pale mama yake aliposalimia ndoo. Alijua vizuri jinsi kifo kinavyotembea kijijini: wa kwanza hudhani, wa pili huona huruma au wivu akasema hata mimi nimeona, na baada ya hapo hakuna tena anayeuliza. Mashahidi wa namna ya Pantaleo ndio waliowamaliza wale bibi. Si wote waliokuwa na chuki. Wengine walitaka kusaidia.

Nzengo ilikaa nje ya ghala la pamba, wanaume kwenye magogo, wanawake kwenye khanga zao, na bibi Mbuke kwenye kigoda alichojibebea. Kamanda wa sungusungu, Mwigulu, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, alifungua mkutano na kumpa Mzee Ndaki nafasi ya kwanza.

Ndaki hakuwa na hotuba. "Mimi nauliza moja. Nani aliniambia nizime taa?"

"Ni mimi," Mariana akasema.

Watu wakanung'unika. Mwigulu akamwuliza taa ya jirani ilimkosea nini. Mariana akaeleza. Alieleza kama alivyoelezwa na Eliya, nyota iliyokufa, uzito wake, mwako wake, kitambaa chekundu cha tochi na sababu yake. Wengine walisikiliza kweli. Lakini alipoambiwa amwonyeshe mtu nyota hiyo usiku wa leo, ilimbidi aseme kwamba haionekani. Hata kwa bomba? Hata kwa bomba.

Fredy, muuza nyama, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko visu vyake, akainuka kwenye gogo. "Kwa hiyo, Mama Nelly, unakesha unalinda kitu kisichokuwepo, na ng'ombe waliokuwepo wanaondoka."

Kicheko kilikuwa kikubwa, na hata Ndaki alicheka kabla ya kukumbuka maksai wake. Kilipotulia, Pantaleo alikwisha kusimama. Alijitambulisha, akafungua bahasha, akainua picha mbili juu ili wote waone. Alisema vizuri. Alisema yeye yuko mbali, hana undugu na mtu hapa, na usiku ule wa wizi yeye kule na mama huyu hapa walikiona kitu kimoja kwa dakika moja. Mtu anayeswaga maksai, aliuliza, anapiga picha za mbinguni saa ngapi?

Watu walikuwa tayari kuamini waende zao. Mwigulu aliinamisha kichwa polepole kama anayekubali. Mariana alimwona mama yake akinyoosha mgongo kwenye kigoda. Neno moja tu lilikuwa limebaki, na halikuwa hata neno: alitakiwa kunyamaza.

Akasimama.

"Kamanda, huyu hakuona. Picha hizo zote mbili ni zangu. Alikuwa amelala, na kwao kulikuwa na mawingu. Mimi sina shahidi."

Ikawa kelele. Pantaleo alikaa chini na kuanza kuzirudisha picha kwenye bahasha, moja ikakataa kuingia. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti kwamba sasa amejimaliza. Mwigulu aliinua fimbo yake, akangoja.

"Unajua alikuwa anakusaidia?"

"Najua."

"Na unajua usipokuwa na shahidi tunakufanyaje?"

"Najua, kamanda. Lakini niliomba taa izimwe, hilo ni kweli. Nilikuwa na tochi nyekundu, ni kweli. Maksai sikuwachukua. Hayo ndiyo niliyonayo. Mkiyaongezea uongo mzuri leo, kesho mtaongezewa mbaya, na mama yangu ni mzee."

Hakulitaja jambo lenyewe, na halikuhitaji kutajwa. Wazee kadhaa walitazama chini. Kila mmoja pale alikuwa na bibi, au alikuwa na kumbukumbu ya bibi.

Mwigulu alisema amekaa katika mikutano hii tangu alipokuwa kijana wa kubeba mishale. Amewaona watu wakileta mashahidi wa kununua, wa kutisha, na wa ukoo. Hajawahi kumwona mtu akimfukuza shahidi aliyekuja kumwokoa.

"Labda huo ndio ujanja wenyewe," Fredy akasema.

"Labda," Mwigulu akakubali. "Ndiyo maana tutamtazama."

Hukumu ikawa hiyo. Nyumba haitatengwa kwa sasa. Maksai wataendelea kutafutwa. Taa ya Ndaki itawaka kila usiku, na kila Mariana atakapofungua bomba lake, sungusungu mmoja ataketi naye. Mariana alikubali. Katika mwanga ule wa balbu hapakuwa na nyota hafifu ya kuvizia, lakini alilifungua bomba hata hivyo, ili wasiseme ameacha kwa sababu amegunduliwa. Mlinzi aliketi kwenye kiti cha plastiki, fimbo mapajani, akila michembe yake na kumtazama yeye, naye akitazama anga nyeupe kama maziwa. Eliya alimwombea Pantaleo msamaha. Mariana alimsamehe, ila hakumhesabu tena. Wala mwako wake mwenyewe hakuuhesabu. Uko pale kwenye picha, wa mtu mmoja, yaani haujaonekana.

Baadaye, wakati mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya, maksai mmoja alitambuliwa mnadani, mbali, kwa sikio lake lililochanika. Mwenzake alikuwa amekwisha kuliwa. Walioiba walikamatwa, watu wa wilaya nyingine ambao hawakumjua Mariana wala bomba lake. Asubuhi iliyofuata simu zililetwa kibandani kama vile hazikuwahi kukoma, na mke wa jirani akamsalimia bibi Mbuke bombani kwa salamu ndefu. Hakuna aliyesema samahani. Kijiji hakiombi radhi; husalimia tu.

Lakini Mariana hakuridhika na kusafishwa kwa jumla namna hiyo. Alimfuata Mwigulu, akamtaka amweleze wezi walisema nini hasa. Mwigulu alisitasita, kisha akamwambia. Walikuwa wamelenga zizi lingine. Mbwa wakawafukuza. Wakiwa njiani wakaona zizi moja lina giza, wakaingia.

Hivyo mashaka ya majirani hayakuwa upuuzi mtupu. Hakuiba, wala hakuwapa wezi ishara. Lakini giza liliwaita wezi, na giza aliliomba yeye, kwa michembe na adabu. Hakuna mtu aliyekuwa anamdai jambo hilo tena. Angeweza kulinyamazia, kama angeweza kuunyamazia uongo wa Pantaleo.

Mvua ilipolainisha ardhi, na Ndaki akawa amesimama ukingoni mwa shamba na maksai mmoja asiye na mwenza wa kuvuta naye jembe, Mariana alitokea na jembe la mkono begani. Alimwambia wezi walisema nini. Kisha akaingia shambani, akaanza tuta la kwanza. Ndaki alimtazama kitambo kirefu, kama mtu anayetafuta mtego ulipofichwa. Hakumzuia. Asubuhi ya pili alimkuta tayari yuko shambani. Ya tatu, walianza pamoja, na Ndaki akamwuliza, bila kumtazama, kama nyota ile imekwisha kuwaka.

"Bado," Mariana alisema. "Na ikiwaka sitaiona. Una taa."

Pamba ilipokwisha kuota na mvua zikapumzika, alisikia nyundo upande wa zizi. Alikwenda. Ndaki alikuwa juu ya ngazi, amelichana debe la mafuta ya kula na kulikunja kama kofia, anaifunika balbu kwa juu na pembeni ili mwanga uanguke zizini tu. Alishuka, akapangusa mikono, akamwelekeza kwa kidevu.

Mariana alizunguka upande wa zizi, akachungulia. Alizunguka upande wa ua wake, akainama, akatazama kingo za debe mahali zilipokutana. Alirudi akasukuma ngazi kidogo kuona kama kofia inacheza.

"Umeridhika?" Ndaki akauliza.

"Bado," alisema. "Washa kwanza."